Sindano haijaunguza kizazi chako

Mdogo wangu wa Kongwa unayeuliza kama sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu imekuunguza kizazi kwa vile umeacha miezi saba sasa na mimba hakuna: hapana, haiunguzi. Ila huchelewa kutoka mwilini. Kwa wastani mimba huja kama miezi 10 hivi baada ya sindano ya mwisho, wengine hata mwaka na zaidi. Kwa hiyo anza kuhesabu tarehe uliyochomwa sindano ya mwisho, iliyoandikwa kwenye kadi yako, siyo siku uliyotangaza nyumbani kwamba umeacha. Mimi nilisubiri mimba mwaka mzima na miezi miwili, na mama mkwe alishaniletea mizizi ya kuchemsha kwenye kidumu cha lita tano. Nilimwagia mchicha.

Hedhi kuvurugika kipindi hiki ni kawaida. Anza vidonge vya foliki asidi (vitamini ya anayetafuta mimba) sasa hivi, mikrogramu 400 kwa siku. Mlenda nao una vitamini hiyo, endelea kula, lakini usiuhesabu kama kidonge.

Ukifika mwaka bila kitu (miezi sita kama umeshavuka miaka 35), panda basi uje Dodoma mjini, Benjamin Mkapa au hospitali ya mkoa, na shemeji uje naye. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote utakavyofanyiwa wewe: siku mbili hadi saba bila tendo, kikopo, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Asikuambie yeye mzima kwa sababu ana mtoto Mpwapwa.