Mota ya mkanda wa magunia inagoma: hesabu imekosewa wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi katika kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa hapa Moshi. Tumeunda mkanda wa mita 12 unaoteleza juu ya bati na kupandisha magunia 8 ya kilo 60 kwa mwinuko wa nyuzi 15, kwa mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde. Nilizidisha kilo 480 kwa namba ya msuguano, 0.35, nikapata kilo 168, yaani takribani niutoni 1,650, nikanunua mota ya kilowati 0.75. Mkanda ukijaa, mota inagoma. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu fundi, hesabu yako ingekaribia ukweli kama mkanda ungekuwa umelala, lakini wako unapanda, na mzigo unaopanda hudai nguvu ya kuuinua mbali na ile ya kushinda msuguano. Magunia yako yana uzito wa niutoni 4,709. Ukizidisha kwa saini ya nyuzi 15, ambayo ni 0.259, unapata niutoni 1,219 za kuinua tu. Kwenye msuguano uliusahau mkanda wenyewe. Tuseme kila mita yake ina kilo 5: upande wa juu unaongeza kilo 60, na msuguano wa kilo 540 unafika niutoni 1,790, ukizidisha pia kwa kosaini ya nyuzi 15, yaani 0.966, kwa kuwa kwenye mwinuko mzigo haulilemei bati kwa uzito wake wote. (Kuuinua mkanda hakuhesabiwi, kwa sababu upande unaoshuka unausawazisha unaopanda.)

Jumla ni kama niutoni 3,010. Zidisha kwa mwendo, upate wati 1,204, na giaboksi pamoja na mnyororo vikila humusi moja ya nguvu, mota inapaswa kutoa kilowati 1.5 bila akiba yoyote. Kwa kuwa msuguano wa kitu kilichosimama huzidi ule wa kinachotembea, na mkanda wako huenda ukawashwa ukiwa umejaa, mimi ningeweka mota ya kilowati 2.2.

Hata hivyo, usinunue kabla ya kuipima ile 0.35, kwani jibu lote limeiegemea. Tandika kipande cha mkanda huo juu ya bati lililo sawasawa, likiwa na vumbi la makapi kama lilivyo siku ya kazi, weka gunia juu yake, kisha ukivute polepole kwa mizani ya springi. Kilo zinazosomeka kikiwa kinatembea, ukizigawa kwa kilo za gunia na kipande hicho pamoja, ndiyo namba yako. Zinazosomeka kinapoanza kung'oka zitakuonyesha ugumu wa kuwasha. Ukibadilisha bati kwa rola zenye beringi nzuri, namba hiyo hushuka hadi karibu 0.03, na nguvu yote ya kuvuta inabaki kama niutoni 1,370.