Maswali na majibu: Aliyeuawa Otterburn, na waliogombea mali yake

Baada ya kumgusia James Douglas, lodi wa Uskoti aliyeuawa vitani mwaka 1388, wasomaji wameniandikia kwa wingi, na wengi wanauliza habari za mirathi. Nayajibu machache.

Mwandishi, shikamoo. Huyo bwana aliuawaje hasa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. James alikuwa Earl wa pili wa Douglas (Earl ni cheo cha juu cha ulodi), cheo alichorithi kwa baba yake, na umri wake ulikaribia miaka thelathini. Agosti 1388 alivuka mpaka, akapora Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, hadi malangoni mwa Newcastle. Alipokuwa njiani kurudi, Henry Percy, maarufu kama Hotspur, alimvamia kambini Otterburn jua likizama. Jean Froissart, mwandishi wa historia wa zama zile, aliwahoji wapiganaji wa pande zote mbili. Anasema Douglas alichomwa mikuki mitatu: begani, kifuani na pajani, naye akaagiza kifo chake kifichwe na bendera iinuliwe tena. Waskoti wakashinda, Hotspur akatekwa. Froissart aliwahi kukaa Dalkeith kwa baba yake James, na alimwona James angali mtoto, kwa hiyo mimi namwamini kuliko watunga nyimbo waliokuja baadaye.

Hakuacha mtoto? (Msomaji, Mombasa)

Wa ndoa, hapana, ingawa mkewe Isabella alikuwa binti wa Mfalme Robert II. Nje ya ndoa aliacha wana wawili, William na Archibald. William alipata ardhi ya Drumlanrig, na ni katika uzao wake alikotokea yule Marquess (cheo kingine cha ulodi) wa Queensberry ambaye jina lake limebandikwa kwenye kanuni za ndondi za 1867.

Nasikia aliyerithi, Archibald aliyeitwa Mkali, naye alizaliwa nje ya ndoa. Mbona yeye apewe na wana wa marehemu wanyimwe? (Msomaji, Morogoro)

Hapa ndipo penye utamu. Kwanza, huyu Archibald si yule mtoto wa marehemu. Ukoo huu ulipenda kurudia majina mpaka unachosha. Huyu alikuwa binamu wa baba yake James, mwana wa Sir James Douglas aliyefia Teba, Hispania, mwaka 1330, akiwa amebeba moyo wa Mfalme Robert Bruce. Ndiyo sababu ngao ya Douglas ina moyo.

Mwana wa ndoa wa Sir James aliuawa vitani Halidon Hill mwaka 1333. Mali ikamwangukia Hugh, ndugu yake Sir James, mtu wa kanisa asiye na mtoto. Mwaka 1342 Hugh akaandikisha nani afuate nani: kwanza William, mtoto wa ndugu yake mwingine, pamoja na wazao wa kiume wa William, wakikatika, William Douglas wa Liddesdale, naye akikosa, Archibald.

William wa kwanza ndiye baba yake James wa Otterburn. William wa pili aliuawa mwaka 1353, na aliyemuua ni huyo huyo William wa kwanza! James alipokufa bila mwana wa ndoa, kwenye orodha alikuwa amesalia Archibald peke yake, mtu mzima mwenye askari na ardhi ya Galloway mkononi. Wana wa marehemu hawakutajwa popote. Shemeji yake marehemu, Malcolm Drummond, naye alidai fungu, lakini mwaka 1389 uamuzi ulimwendea Archibald. Kwa maoni yangu hati ya Hugh ilimsaidia sana, na wale askari wake nao walimfaa.

Na dada yake marehemu je? (Msomaji wa kike, Zanzibar)

Dada huyo, Isabella, mke wa Drummond na wajina wa mke wa marehemu, alirithi ardhi ambazo hazikuwa kwenye hati ya Hugh, pamoja na ardhi ya Mar ya upande wa mama yao. Drummond alipokufa, Alexander Stewart aliiteka ngome ya Isabella ya Kildrummy mwaka 1404, na mwaka huo huo akafunga naye ndoa. Posa ya namna hiyo msiiige.

Ukoo huo ungalipo? (Msomaji, Nairobi)

Upo. Uzao wa Archibald Mkali, wale Douglas Weusi, ulikwisha nguvu haraka: mwaka 1452 Mfalme James II alimchoma kisu Earl wa nane huko Stirling, na mwaka 1455 wakanyang'anywa kila kitu. Waliodumu ni Douglas Wekundu, wazao wa George, ndugu wa James wa Otterburn kwa baba, naye pia wa nje ya ndoa. Kwa upande wa wanawake, damu hiyo ilimfikia Alec Douglas-Home, waziri mkuu wa Uingereza wakati Zanzibar na Kenya zinapata uhuru Desemba 1963. Naye alikuwa Earl, wa Home, ila miezi miwili kabla ya hapo alikivua cheo hicho ili agombee kiti katika bunge la waliochaguliwa.