Anayekuomba namba ya NIDA tayari anajua jina lako

Simu inaingia mchana, namba ya kawaida kabisa. Sauti ya kistaarabu inakuita kwa majina yako yote matatu, inakupa pole na majukumu, kisha inasema laini yako itafungwa saa kumi jioni kwa sababu usajili haujakamilika. "Nithibitishie tu namba yako ya NIDA, mimi nakusomea za mwanzo." Wengi wetu Tanzania hapo hapo tunainuka kutafuta kitambulisho cha taifa, kile kinachotolewa na NIDA.

Muulize aliyetapeliwa kwa nini alitoa namba yake, atakwambia hakuitoa, aliithibitisha tu. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtu asiyejua lolote kukuhusu akikuuliza, unamkwepa. Anayeonekana kujua nusu unammalizia, tena kwa heshima zote, usije ukaonekana unamzungusha mtu wa ofisi.

Na kuipata hiyo nusu si kazi. Mtu anafungua menyu ya kutuma pesa, anaandika namba yako na shilingi elfu moja, na kabla hajaweka namba ya siri simu inamwonyesha jina lililosajiliwa. Anaghairi. Hajatumia hata senti. Jina limewekwa pale kwa nia njema, usije ukamtumia pesa mtu siye, lakini ndilo linalompa tapeli salamu ya kuanzia.

Sehemu ya pili nayo haina siri kubwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1991, namba yake inaanza na 19910814. Kwa hiyo aliyeona watu wanakutakia heri ya kuzaliwa mtandaoni, na anajua una miaka mingapi, atakusomea "za mwanzo" bila kukosea, nawe utadhani anasoma kwenye kompyuta ya ofisini. Unamalizia kumi na mbili zilizobaki, ambazo ndizo alizokuwa hana.

Geuza upande wa pili: aliyeipata namba nzima kwa njia nyingine amepata na mwaka wako wa kuzaliwa. Hesabu basi ni watu wangapi unaowafahamu ambao namba yao ya siri ya kutolea pesa ni mwaka waliozaliwa. Kama na wewe umo, ibadilishe kabla hujaendelea kusoma.

Mazoea nayo yana sehemu yake. Getini mlinzi anataka kitambulisho, mwenye nyumba anataka kopi, benki, TIN, mwajiri, kikoba. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole Mei 2019, namba hiyo moja imeingia karibu kila mahali. Mtu aliyeulizwa mara hamsini na watu halali, ya hamsini na moja hashtuki. Kinachoshangaza ni kwamba kadi yenyewe tunaitunza kwenye kava la plastiki, namba tunaigawa kama pipi, wakati kadi ikipotea inachapishwa nyingine lakini namba ni ile ile mpaka kufa.

Mahali panapovuja zaidi si kwa matapeli, ni steshenari. Angalia inavyokuwa: unataka kopi ya kitambulisho, picha iko kwenye simu, kijana anakupa namba ya WhatsApp ya duka uitume. Anaifungua kwenye kompyuta, anachapisha, unalipa, unaondoka. Picha imebaki sehemu tatu: kwenye simu ya duka, kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, na kwenye maongezi yaliyo wazi kwenye skrini, ambayo mteja anayefuata anayaona akiwa anasubiri zamu yake. Duka la namna hiyo lina vitambulisho vya nusu ya mtaa, wala mwenyewe si mtu mbaya. Hajawahi kufikiria kuvifuta, basi.

Nenda na kadi yenyewe, itolewe kopi kwenye mashine mbele yako. Kama ni lazima utume picha, usiondoke mpaka uione inafutwa kwenye kompyuta, ndani ya folda na kwenye kapu la takataka, halafu upande wako bonyeza kufuta kwa wote. WhatsApp inakuruhusu kufanya hivyo ndani ya siku mbili na nusu hivi. Baada ya hapo unafuta ya kwako tu. Zile picha za kutazamwa mara moja zisikutie moyo sana. Simu ya pili inapiga picha ya skrini bila shida yoyote.

Kopi unayomwachia mtu iandike. Chukua kalamu ya wino, piga mistari miwili ya mshazari juu ya kopi, na katikati ya mistari andika kazi yake na tarehe: "Kwa ajili ya mkataba wa pango tu, 3/6/2025". Maandishi yapite juu ya picha ya uso, yasikae pembeni, maana ya pembeni yanafunikwa na karatasi nyeupe kopi inapotolewa upya. Namba isomeke ikiwa anayehitaji anaihitaji kweli. Mwenye nyumba anahitaji jina na sura yako, kwa hiyo tarakimu sita za mwisho unaweza kuziziba, na mara nyingi hata hataona.

Kwa vijana wa mwamvuli wanaosajili laini, tatizo ni kidole. "Haijasoma, weka tena." Inawezekana ni kweli. Wakulima, mafundi ujenzi na wanaofua sana, vidole vyao husumbua mashine. Inawezekana pia ya kwanza ilisoma vizuri, na ya pili inasajili laini ambayo hutaiona maishani mwako, mpaka siku polisi watakapokutafuta kwa ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Kabla ya kurudisha kidole, omba uone skrini imeandika nini. Ukimaliza, usiondoke: piga *106# kwenye laini yako na uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwa kila mtandao unaoutumia. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao husika, si kwa wakala, ukiwa na kadi, waiondoe, nawe ubaki na uthibitisho wa maandishi.

Halafu kuna shida. Hii haitatuliwi kwa kumwambia mtu awe makini. Anayetafuta kazi miezi minane akiambiwa atume CV, picha na kopi ya NIDA kwenye namba ya WhatsApp, atatuma. Anayetaka elfu hamsini ya ada leo hii, programu ya mkopo ikimtaka ajipige picha ameshika kitambulisho na airuhusu kusoma majina yote ya kwenye simu, ataruhusu. Faida inaonekana sasa, hasara iko mbali na haina sura. Nairobi mwaka 2023 watu walipanga foleni kwenye ukumbi wa mikutano wa KICC kuskaniwa mboni za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kwa tokeni zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikausimamisha Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Tusiwacheke. Kwa mtu asiye na kitu, macho anayo na 7,000 hana.

Ila hata mwenye shida anaweza kupanga mfuatano. Mwajiri wa kweli anahitaji namba yako wakati wa mkataba, haihitaji kwenye maombi, kwa hiyo iondoe kwenye CV leo. Mkopo wa simu, angalia kwanza kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo Novemba 2024 ilizipiga marufuku programu 69 zisizo na kibali. Na programu yoyote inayotaka majina ya watu wako, hizo ni namba za mama, shemeji na bosi, ndio watakaopigiwa ukichelewa kulipa siku moja.

Ukishatoa namba, usikae ukisubiri uone. Siku hiyo hiyo badilisha namba ya siri ya pesa na ya benki, pigia benki yako wajue, angalia *106#, na rudia kuangalia baada ya wiki mbili hivi kwa sababu laini ya wizi haisajiliwi lazima siku ile ile. Kama ulitumiwa ujumbe, upeleke kama ulivyo kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, nawe utaombwa namba iliyoutuma. Kama kadi nayo imepotea, chukua taarifa ya upotevu polisi ikiwa na tarehe. Tarehe hiyo ndiyo itakayokutetea siku ukiambiwa kitambulisho chako kilikopa mahali. Na kama taasisi ndiyo iliyosambaza taarifa zako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, PDPC.

Neno kwa wasamaria wema wa kwenye magrupu. Mmeokota kitambulisho stendi, mnapiga picha pande zote mbili, mnaweka kwenye grupu la watu mia tano: "Mwenye kumfahamu huyu, kipo kwangu." Jina, sura, namba na sahihi vyote vinasambaa kabla mwenyewe hajajua kama kimepotea. Andikeni jina la kwanza na la ukoo na mahali kilipookotwa, picha msiweke. Anayekuja kukichukua ataje tarehe yake ya kuzaliwa, mlinganishe na kadi mkononi. Asipotokea ndani ya siku chache, kipelekeni kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa.