Rimoti iko sebuleni, gari liko nje: jirani yako hakutishi bure

Ndugu yangu wa Tabata, umeuliza kama ni kweli, kama jirani yako anavyokuambia, gari la kuwasha kwa kitufe linaweza kuibwa huku rimoti iko mezani ndani. Ni kweli. Wezi huwa wawili: mmoja husogea na kifaa karibu na ukuta au mlango, ananasa mawimbi ya rimoti, anamrushia mwenzake aliye kando ya gari. Gari linadhani mwenyewe umefika, linafunguka na kuwaka. Kioo hakivunjwi.

Usiku weka rimoti kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana ili mawimbi yasitoke, kisha lijaribu kopo hilo. La kwangu la kwanza, la biskuti, mfuniko ulikuwa umelegea. Nilisimama nalo ubavuni mwa gari, rimoti ikiwa ndani yake, nikavuta kitasa, mlango ukafunguka! Nikatafuta jingine. Rimoti ya akiba nayo humo humo, wengi huisahau kabatini.

Rimoti nyingi za Toyota pia hulazwa usingizi zisitoe mawimbi: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara 2, kitaa kitawaka mara 4. Asubuhi ukibonyeza kitufe chochote inaamka.

Nunua na kufuli la usukani, tafadhali. Na ukiegesha Kariakoo hakikisha milango imejifunga kweli kabla hujaondoka, maana kuna vifaa vya kuzuia mawimbi ya kufunga.