Lisemee gari: kwa mnaoanza ufundi wa magari Ujerumani

Wadogo zangu, wiki yangu ya tatu kwenye mafunzo ya ufundi huku Ujerumani, yale yanayoitwa Ausbildung, nilikabidhiwa gari la mteja nikalijaribu barabarani. Nikarudi, nikamwambia Meister wangu, yaani fundi mkuu anayenifundisha: "Lina kelele mbele." Akaniuliza kelele gani. Inaanza mwendo wa ngapi? Ukikanyaga breki inabadilika? Ukikata kulia je, ukikata kushoto je? Sikuwa na jibu hata moja. Akanirudisha barabarani. Nikarudi na jibu nusu, akanirudisha tena.

Mara ya tatu nikaelewa anachotaka. Kelele ilikuwa ya kuunguruma, ilianza kwenye kilomita 60 kwa saa, ikazidi nikikata kushoto, maana hapo uzito wa gari unalalia upande wa kulia. Beringi ya gurudumu la mbele, kulia. Tulifungua gurudumu hilo moja tu, na beringi ilikuwa imekufa kweli.

Mimi nilitoka Tanga nikiwa tayari nimeshika spana miaka minne, na nilijiona fundi. Kumbe mikono yangu ilijua kufungua na kufunga, ila mdomo wangu haukujua kulisemea gari. Kwenye ukuta wa karakana ile palikuwa na picha ya Mercedes ya mbio, na siku ile Meister aliniita chini yake akaanza kunieleza habari za Bernd Schneider, dereva wa mbio wa Kijerumani. Nawaletea habari hizo kwa sababu zimenifaa kuliko vitabu vingi nilivyofanyia mtihani.

Schneider alizaliwa mwaka 1964 St. Ingbert, jimbo la Saarland. Alianza na vigari vya karting kama wengi wao, na mwaka 1987 akawa bingwa wa Formula 3 ya Ujerumani, ngazi iliyo chini ya Formula 1. Mwaka uliofuata alikuwa Formula 1, na timu ya Kijerumani ya Zakspeed. Mtu wa miaka 23, yuko juu ya mti kabisa. Sasa sikilizeni kilichofuata, maana wengi wenu mtapita hapo hapo.

Mwaka 1989 magari yalikuwa mengi mno, 39, na nafasi za kuanza mbio zilikuwa 26. Kwa hiyo timu ndogo zilichujwa kabla ya wengine: Ijumaa asubuhi, saa moja tu, magari 13 yanagombea nafasi nne za kuruhusiwa hata kujaribu kufuzu. Zakspeed ya mwaka huo, yenye injini ya Yamaha, ilikuwa gari gumu. Katika mbio 16 za msimu, Schneider alivuka mchujo ule mara mbili tu, Brazil na Japan. Mwenzake wa timu, Aguri Suzuki, hakuvuka hata mara moja. Fikirini: unasafiri hadi bara jingine, Ijumaa saa tatu asubuhi kazi yako imekwisha, unafunga begi.

Mwaka 1990 alianza mbio moja tu na timu ya Arrows, akamaliza wa 12 kule Phoenix, Marekani; baadaye Hispania hakufuzu, na Formula 1 ikaishia hapo. Angeweza kukaa nje akingoja mlango ule ufunguke tena. Yeye aliendesha Porsche 962 kwenye mbio za masafa marefu, na mwaka 1992 akajiunga na timu ya AMG-Mercedes kwenye DTM, mashindano ya Kijerumani ya magari yenye paa, yanayofanana kwa sura na magari ya barabarani. Kwa wakati ule wapo walioona hiyo ni kushuka. Kule alikoshuka alichukua ubingwa mara tano: 1995, 2000, 2001, 2003 na 2006. Mwaka 1995 peke yake alitwaa DTM na mfululizo wake wa kimataifa, vyote viwili.

Kwa hiyo usipopata nafasi kwenye karakana ya kampuni kubwa uliyoiota tangu nyumbani, ukapata gereji ya mafundi wanne katika mji ambao hujawahi kuusikia, ipokee. Nasema hivi kwa moyo wote. Kwenye gereji ndogo utagusa breki, umeme, gia na viyoyozi ndani ya wiki moja. Nimewaona vijana wawili walioacha mikataba yao kwa aibu ya jina la gereji, na iliniuma, kwa sababu walikuwa na mikono mizuri.

Sasa nirudi kwenye kulisemea gari.

Dereva wa mbio hakai kwenye kiti akakanyaga mafuta tu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni majaribio: mizunguko kumi, anaingia, anazungumza na mhandisi, wanabadilisha kitu, anatoka tena. Mhandisi ana vipimo vya kompyuta, lakini kompyuta haina makalio wala viganja. Dereva ndiye anayemwambia kwamba gari linakataa kuingia kwenye kona, au nyuma inataka kuruka. Tena hasemi "kona mbaya" akanyamaza. Anaikata kona vipande vitatu: wakati wa kuingia na breki, katikati, na wakati wa kutoka ukirudisha mafuta. Tatizo la kuingia huenda liko kwenye mgawanyo wa breki. La kutoka huenda ni springi za nyuma au tairi. Ukichanganya, mhandisi atatibu mguu wakati kinachouma ni bega. Na wanabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu gari likapona, hujui kipi kilichoponya.

Schneider alikaa na AMG-Mercedes katika DTM hadi alipostaafu mashindano hayo mwisho wa 2008, na watu wanahesabu vikombe tu. Mimi kinachonishangaza ni jinsi magari yalivyobadilika chini yake. Mercedes ya C-Klasse aliyochukulia ubingwa wa 1995 ilikuwa imejaa elektroniki: breki zisizofunga magurudumu yakaganda, kifaa cha kuzuia magurudumu yasiserereke. Gharama zikapanda hadi Opel na Alfa Romeo wakajitoa baada ya 1996, na mashindano yakafa. DTM iliporudi mwaka 2000, misaada hiyo ilikuwa imepigwa marufuku. Gari jipya, la aina ya CLK, lilimtegemea dereva na mguu wake. Akashinda na lile, akashinda na hili. Ninyi mtajifunza kwenye injini za dizeli, kisha mtakutana na magari ya umeme yenye betri za volti mia nne na zaidi, ambayo huruhusiwi hata kuyafungua bila cheti maalumu. Anayejua kuuliza gari linafanya nini, lini na kwa masharti gani, atahama kutoka moja kwenda jingine.

Katikati ya miaka ile kuna jambo ambalo siwezi kuliruka. Mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, 1999. Mercedes walipeleka magari matatu ya mbio ya aina ya CLR. Gari la Mark Webber liliinuka hewani na kupinduka kwenye mazoezi, kisha likapinduka tena Jumamosi asubuhi. Wakaendelea na mbio na magari mawili. Ndani ya mbio, gari la Peter Dumbreck likaruka juu, likavuka uzio na kuangukia miti. Alipona kwa rehema ya Mungu. Gari lililobaki lilikuwa la kundi la Schneider, zima, halijagusa kitu. Wakaliita ndani wakaliondoa mashindanoni. Nawaambia: lilipaswa kuzuiwa mapema zaidi. Mkiona hitilafu inajirudia, mkiona bomba la breki linatoa jasho au nati ya gurudumu haikushika kipimo, semeni, hata kama mteja amesimama mlangoni ana haraka, hata kama Kijerumani chenu kinakwama. Neno "Stopp" mnalijua.

Mei 2013 nilikuwa uzioni Nürburgring, mbio za saa 24. Mvua, ukungu, baridi ya milima ya Eifel inayopenya hadi kwenye mifupa. Usiku karibu saa tano mbio zikasimamishwa, zikaendelea asubuhi. Njia ya kaskazini ya uwanja huo pekee ina zaidi ya kilomita 20, na unaweza kukuta upande mmoja mkavu na upande wa pili maji. Mercedes SLS iliyoshinda ilikuwa na madereva wanne, Schneider mmojawapo, akiwa na miaka 48. Mwaka huo huo alikuwa tayari ameshinda saa 24 za Dubai na saa 12 za Bathurst kule Australia, na Julai akashinda saa 24 za Spa kule Ubelgiji. Katika mbio hizo unamkabidhi mwenzako usukani, na hapo kwenye kituo mna sekunde chache tu za kumwambia tairi zikoje na wapi pameloa.

Kwa hiyo nunueni daftari dogo linaloingia mfukoni mwa ovaroli. Kila gari mnalolijaribu, andikeni kabla ya kugusa spana: sauti gani, mwendo gani, upande gani, injini ya moto au ya baridi. Andikeni kwa Kiswahili kwanza, kisha tafuteni neno la Kijerumani jioni. Langu la kwanza bado ninalo, limejaa alama za grisi. Ukurasa wa kwanza una mstari mmoja: beringi, mbele kulia, inaunguruma kuanzia 60, inazidi ukikata kushoto.