Kidimbwi kinapokauka, nani humwamrisha kiluwiluwi?

SWALI: Nafundisha biolojia Malindi. Baada ya masika, viluwiluwi wa kidimbwi kinachokauka huwa vyura mapema kuliko wale wa maji mengi. Vitabuni tunasoma kuwa ubongo hutoa homoni ya TRH, pituitari (tezi iliyo chini ya ubongo) ikajibu kwa homoni ya TSH, na thairoidi (tezi ya shingoni) ikaanza kazi. Je, ndivyo ilivyo kwa kiluwiluwi?

JIBU: Nusu tu, Mwalimu. Kuanzia pituitari kwenda chini uko sawa: pasipo TSH thairoidi hulala, na mkia haupotei. Hilo lilionekana Marekani mwaka 1916, wanasayansi Smith na Allen, kila mmoja kivyake, walipowaondolea viluwiluwi pituitari. Hawakugeuka vyura, na ngozi zao zikapauka.

Tofauti iko juu, kwenye ubongo. Ukimdunga kiluwiluwi TRH, TSH yake haipandi. Inayoiamsha ni CRH, homoni ambayo kwetu sisi tunaijua kwa mambo ya mfadhaiko: huitaka pituitari itoe homoni ya ACTH, nayo huziamsha tezi za juu ya figo zikamwaga kotisoli, homoni ya mfadhaiko. Kwa kiluwiluwi CRH hufanya yote mawili kwa mpigo, ACTH na TSH. Kisha kotikosteroni, jamaa ya kotisoli inayotoka kwenye tezi zake za figo, husaidia kugeuza T4, homoni ya thairoidi, kuwa T3, ambayo ina nguvu zaidi. Basi maji yakipungua, dhiki yenyewe ndiyo inayoharakisha mageuzi. Chura mmoja wa jangwani Marekani, Spea hammondii, amepimwa: maji yakishushwa, CRH ya ubongo hupanda, na kiluwiluwi hutoka nchi kavu akiwa mdogo wa umbo. Bora mdogo kuliko mkavu.

TRH nayo haikai bure. Kwa vyura huchochea homoni ya prolaktini, na pia alfa-MSH, homoni inayotia ngozi weusi. Kemikali za ubongo ziitwazo dopamini, GABA na NPY huizuia hiyo alfa-MSH. Ndiyo maana chura wa majini mwenye kucha ukimweka kwenye beseni jeupe kizuizi hicho hukaza naye hupauka, na kwenye jeusi hulegea naye akakolea; wanafunzi wako wanaweza kuliona hilo bila sindano wala maabara.

Ila kwa vidimbwi vyenu usiipe CRH sifa zote. Maji machache hupata joto upesi, na joto peke yake huharakisha ukuaji. Mkitaka kujua, wekeni mabeseni mawili kivulini, idadi ileile ya viluwiluwi na chakula kilekile, mpunguze maji kidogo kidogo katika moja, na mpime joto asubuhi na alasiri.