Kuhani wako anapoteza Bless kila pambano: rekebisha hivi

Nimekuelewa: kwenye mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, kuhani wako wa leveli ya 3 anawapa wenzake Bless (uchawi wa baraka unaowasaidia kwenye dadu zao), na kabla raundi haijaisha imekatika.

Angalia kwanza kosa dogo linalowapata wengi. Mhusika mmoja hubeba uchawi mmoja tu wa kuzingatia (concentration) kama Bless, na Shield of Faith nayo ni ya aina hiyo. Ukiitumia, Bless inazimika hapo hapo. Spiritual Weapon na Guiding Bolt haziigusi, zitumie bila hofu.

Kisha hesabu. Ili Bless isikatike, kila pigo analopata kuhani linadai dadu ya pande 20 ifike 10, au nusu ya dhara kama ni kubwa kuliko hapo. Ukiwa na Constitution (uimara wa mwili) 14 unaongeza 2 kwenye dadu, yaani nafasi 65 kwa 100. Ila mishale mitatu ni dadu tatu, na kuzipita zote ni kama 27 kwa 100. Ndiyo maana inakukatikia!

Nenda kambini kwa Withers, mhusika anayebadilisha uwezo wa wenzako, lipa dhahabu 100, upange upya alama za kuhani: Wisdom 17, Constitution 15, Dexterity 14. Ukifika leveli ya 4 chagua kipaji (feat) cha Resilient upande wa Constitution. Inakuwa 16 na unaongeza 5 (3 za Constitution na 2 za ustadi unaoletwa na Resilient), nafasi 80 kwa 100.

Hata hivyo, usimsimamishe mbele. Akishatumia Bless, arudi nyuma ya ukuta asionekane na wapiga mishale.